Alama Thelathini na Saba

Watu wa Majengo hapa Thika wakitaka kunichokoza wananiuliza, "Kulthum, kwani yule kijana wenu alipimwa nini?" Wanauliza wakijua. Basi leo nitasema yote, na mtu asinikatize, kwa sababu nikikatizwa nitaanza kutukana na hadithi itaharibika.

Mimi nakaanga bhajia na viazi karai nje ya nyumba yetu, hatua chache kutoka msikitini, na mdomo wangu unajulikana. Idarous ni ndugu yangu mdogo, tumbo moja. Anafanya kazi kwa kiwanda cha nguo kule Industrial Area, upande wa mashine za kufuma. Mke wake alifariki Zaid akiwa hajaanza hata nasari, na Idarous hakuoa tena. Kwa hivyo Zaid nimemlea mimi. Nimembeba mgongoni nikiuza bhajia mpaka mafuta yakamrukia mguu, na alama iko mpaka leo. Mkinisikia nasema mtoto wangu, msinisahihishe ati wewe ni shangazi tu.

Zaid hakuwa mtoto wa masomo. Alikuwa mpole, ana adabu, anasalimia watu, lakini mtihani ukiwekwa mbele yake kichwa kinafunga. Na ile shule ya kutwa aliyokuwa anasoma Ruiru ilikuwa inapanga watoto kwa alama. Wale wakali wanawekwa 4A, wanapewa mwalimu mzuri wa hesabu na madawati mazima. Wa katikati wako 4B. Wa mwisho wanasukumwa 4C, darasa la karibu na choo, mwalimu akija amekuja, asipokuja shauri yenu. Zaid alikuwa 4C. Jambo hilo lilimuuma Idarous kama jino bovu. Ripoti ikija nyumbani anaiangalia, anaikunja, na siku hiyo hali chakula.

Mwaka huo wa tisini na nane, Zaid alikuwa afanye mtihani wa Form Four mwezi wa kumi, na Idarous alikuwa ameweka roho yake yote hapo. Yeye mwenyewe aliachia shule chini kabisa, anajua namba na Kiswahili cha gazeti, basi. Alikuwa akirudi kutoka kazini, masikio hayasikii vizuri kwa sababu ya zile mashine, anamwangalia kijana wake na kuniambia, "Dada, huyu hatasimama kwa mashine. Huyu atakaa kwa kiti." Tuliomba hivyo, yeye na mimi, kila siku.

Sasa muhula wa pili akaja msichana wa chuo kikuu, jina lake Nyawira, mwembamba, na mkoba umejaa karatasi. Alikuwa amekodiwa na profesa fulani wa ng'ambo. Huyo profesa alitaka kujua kama vijana wa nchi mbalimbali wamelewa michezo ya video, ile ya kubonyezabonyeza mbele ya televisheni. Karatasi ile ile waliyojibu watoto wa kwao ndiyo wakaletewa watoto wa Ruiru na Thika, bila kubadilishwa hata nukta. Maswali kumi, ya Kiingereza. Unafikiria mchezo hata wakati huchezi? Unadanganya watu wa nyumbani ili ucheze? Ukikatazwa unakasirika? Kila swali mtoto anajiandikia namba mwenyewe, sifuri kama si yeye kabisa, mpaka nne kama ndiye yeye kila siku.

Michezo yenyewe ilikuwa imeingia Ruiru juzi tu. Kulikuwa na chumba kimoja nyuma ya stendi, mtu anaitwa Farouk ameweka televisheni kadhaa na mashine zake, na pazia jeusi mlangoni. Watu wazima walikiogopa hicho chumba. Siku hizo kila mtu alikuwa na habari yake ya ibada ya shetani, na ukiona pazia jeusi na watoto wanatoka humo macho mekundu, basi umeshamaliza uchunguzi wako. Zaid alikuwa ameingia humo mara chache na marafiki, akacheza mpira wa kwenye televisheni, akatoka. Aliniambia mwenyewe. Na kila jioni alikuwa amekaa na mimi hapa nje, ananimenyea viazi. Nawauliza nyinyi, mtu aliyelewa mchezo anamenya viazi ndoo nzima?

Lakini shuleni uvumi ulikuwa umemtangulia Nyawira. Ati wazungu wanatafuta vijana wenye kipaji cha mashine, wawapeleke kusomea kompyuta. Ati mwenye alama za juu ndiye atachukuliwa. Nani alianzisha, sijui. Mtoto wa 4C akisikia kuna mtihani ambao hauna hesabu wala kemia, na kwamba namba ya juu ni nne, nyinyi mnafikiri ataandika nini?

Nyawira akazikusanya, akajumlisha, na akampa kila mtoto kipande chake chenye majibu yake na jumla aende nacho nyumbani, kwa sababu profesa alisema ni haki ya mtoto kujua matokeo yake. Jumla akaiandika kwa kalamu nyekundu. Namba moja juu, mstari, namba nyingine chini. Mtoto wa nchi hii anaona karatasi ya namna hiyo tangu darasa la kwanza. Hahitaji kuambiwa ni kitu gani.

Siku hiyo Zaid alifika mbio mpaka karibu aangushe karai.

"Shangazi! Thate-seven out of forty! Manze cheki!"

Nikafuta mikono, nikaishika. Kweli, thelathini na saba juu ya arobaini. "Ni ya somo gani?"

"Ni kama ya computer. Wanataka watu wa kupeleka course."

"Na hizo tatu zimeenda wapi?"

Akacheka, akajikuna kichwa. "Kuna place wameuliza kama nimewahi kuiba ndio niende nicheze. Hapo nikaweka moja. Mimi si mwizi, Shangazi, hata kama ni ya marks."

Nilitaka kumuuliza zaidi, kwa sababu mtihani wa kuuliza watu kama ni wezi mimi sijawahi kuusikia. Lakini Idarous alikuwa ameingia. Aliichukua ile karatasi, akaigeuza, akairudisha, akaigeuza tena. Halafu akakaa chini kwenye jiwe langu la kukalia na akalia. Wallahi, mwanamume mzima alilia, mbele ya wateja. Hajawahi kuona mtoto wake amepita nusu, na sasa alikuwa karibu amalize zote.

Tulichinja kuku. Baada ya Magharibi akaitembeza karatasi msikitini, wazee wakasema mashallah, mmoja akasema huyo ni injinia. Asubuhi akaomba ruhusa kazini, akavaa kanzu na koti lake la Idi, akaniambia, "Dada, twende Ruiru. Nataka wamtoe 4C." Nilienda naye kwa sababu Idarous akiona mtu wa tai maneno yanamkauka.

Mwalimu mkuu alikuwa anaitwa Kisilu. Si mtu mbaya, nitamsema vile alivyokuwa. Alitupa viti. Idarous akatoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka juu ya meza kwa mikono miwili, na akasema yale aliyokuwa amejifunza njia nzima: kwamba ameona bidii ya mtoto, kwamba anaomba kwa heshima ahamishwe stream ya mbele.

Kisilu akaisoma. Akavua miwani. "Mzee, nani amekupa hii?"

"Ni ya Zaid, Mwalimu. Ni matokeo."

"Hizi sikufaa kuziona. Yule msichana alisema ni siri ya mtoto na mzazi." Akafungua droo, akatoa karatasi nyingine ya maelezo. "Lakini umeshaniletea. Mzee, hapa inasema mtu akipita thelathini, amelewa michezo kabisa. Hawezi kujizuia. Na shule hii nzima, kwa vile nimesikia wanafunzi wakilinganisha, hakuna aliyempita huyu wako."

Idarous alisikia hayo ya mwisho tu. Akatabasamu. Mimi nilimwona akitabasamu, na nikatamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Mwalimu," nikasema, "huyu mtoto hachezi michezo. Anamenya viazi."

"Mama, amejiandikia mwenyewe. Anadanganya nyumbani. Anakasirika akikatazwa. Hata kuiba hajaweka sifuri." Akamwita Zaid. Zaid alipoiona ile karatasi mezani uso ukamshuka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alidhani ni za kupita.

"Kwa hivyo ulidanganya wakati ule, ama unadanganya sasa? Chagua moja."

Zaid hakuchagua. Mtoto amefundishwa kutojibizana na mwalimu, atachagua nini?

Kisilu akatueleza kwamba wazazi wengine wamekuwa wakimjia na mambo ya pazia jeusi, kwamba kuna shule zimechomwa moto mwaka huo, na kwamba bodi ikisikia alikuwa na mtoto kama huyo akanyamaza, kazi yake itaenda. Zaid aende nyumbani. Akileta barua ya daktari kwamba amepona, atarudi. Asipoileta, mtihani wa Form Four hataukalia.

Tulitoka pale Idarous ameshika ile bahasha tupu. Tulipofika nyumbani akavua koti la Idi, akalitundika, akamwambia Zaid neno moja tu, "Umeniaibisha." Na baada ya hapo hakumsemesha tena kwa muda mrefu. Hilo nilimkasirikia na bado namkasirikia, kwa sababu aliyepeleka karatasi shuleni hakuwa Zaid.

Tukaanza kutafuta barua. Daktari wa kwanza alimpima macho, presha, mkojo, akasema kijana ni mzima kama ng'ombe. Nikamwambia basi andika amepona. Akanicheka. "Mama, huo ugonjwa mimi sijafundishwa. Nitaandikaje mtu amepona kitu ambacho hakiko kwa vitabu vyangu?" Wa pili akasema hivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Nikampelekea Kisilu maneno yao. Akasema bila barua mikono yake imefungwa. Mgonjwa angepata dawa na barua ya kupona. Mzima ndiye alikosa pa kwenda.

Wakati huo huo nilikuwa dukani kwa Kirit, ninakonunua unga wa dengu, nikimwelezea mke wake, Dhanlaxmi, kwa sababu ni mwanamke wa kusikiliza. Akashika shavu. "Aré, Kulthum, hata Chintan wetu alipewa hiyo karatasi kwa shule yake. Yeye alipata sita." Sasa Chintan mimi namjua. Baba yake alimletea mashine ya kuchezea kutoka safari, iko sebuleni. Ukienda mchana yuko hapo, jioni yuko hapo, mama yake anamlisha chapati mdomoni macho yakiwa kwa televisheni. Nikamuuliza, kwani alijibu vipi? "Alijibu ukweli. Anadanganya nani, na mashine iko hapa hapa? Anakatazwa na nani akasirike? Sisi hatumkatazi." Na Kirit alipoona hiyo karatasi aliisoma, akaitupa kwa taka. Sina ubaya na Chintan. Lakini nilirudi nyumbani na unga wangu nimejaa hasira. Mashine iko sebuleni kwao, na ugonjwa umeandikiwa kwetu tusio na hata televisheni.

Zaid alikuwa nyumbani. Wenzake wako shuleni, babake hamsemeshi, na watoto wa mtaa wameshampa jina. Akipita wanaimba, "Thate-seven! Thate-seven!" Mwanzoni alikaa ndani na vitabu. Halafu akasema anaenda Kalimoni kusoma na mwenzake mmoja anayekaa huko. Nikafurahi. Nilikuwa namfungia bhajia aende nazo.

Mwenzake wa Kalimoni hakuwepo. Nilijua siku mama mmoja wa kwetu aliponiambia amemwona Zaid akiinua lile pazia jeusi Ruiru, na si mara moja. Nilipomuuliza hakukana. Aliniangalia kama mtu amechoka sana. "Shangazi, huko hakuna mtu ananiita jina. Huko nikicheza nashinda. Wanasema mimi ndio mkali. Nilijaribu kukaa hapa, nimeshindwa."

Nilimkemea, nikambembeleza, nikamfungia mlango, akatorokea dirishani. Viazi akaacha kumenya. Akikaa kula, vidole vinacheza juu ya goti peke yake, na ukimsemesha anajibu mwisho wa sentensi tu. Akawa mkali, yule mtoto mpole, ukimuuliza anatoka wapi anapiga mlango teke. Halafu siku moja natoka kuswali, redio yangu ya betri haiko. Hakuna mgeni aliyeingia. Nilikaa kitandani nikalia, si kwa sababu ya redio. Idarous nilipomwambia, alisema, "Ni wezi wa mtaa," akageuza uso.

Nikaona huyu Nyawira lazima nimpate. Karani wa shule akanionyesha anakokaa, Githurai 45, ghorofa moja nyuma ya soko, chumba kimeanikwa nguo mpaka mlangoni. Aliponiona na nilipojitaja, alijua. Akanipisha kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimejaa karatasi.

"Shangazi, mimi sikusema afukuzwe. Tuliandika wazi walimu wasione."

"Hawakuona kwa mkono wako. Waliona kwa mkono wa babake. Sasa utafanya nini?"

Akafikiri. Akasema anaweza kumpima tena, na alama zikishuka atamwandikia Kisilu barua yenye muhuri wa chuo. Kisilu, alipoulizwa, akakubali: barua ni barua. Mimi niliposikia hivyo nilifurahi nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa inajua kitu ambacho Nyawira hakujua.

Alikuja Majengo Jumamosi, mwezi wa tisa. Idarous alikuwa amekaa na Zaid tangu asubuhi. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anamsemesha, na alikuwa anamsemesha kitu kimoja. "Sifuri. Kila mahali sifuri. Umesikia, baba? Ya kwanza sifuri, ya pili sifuri."

"Idarous," nikasema, "mwache aandike ukweli."

"Ukweli gani?"

"Wewe unaujua. Unatoka kazini unamkuta yuko? Redio ilienda wapi?"

"Dada, nyamaza! Akiandika vingine hakuna mtihani! Unataka asimame kwa mashine?"

"Nataka awe mzima kwanza!"

Tulipigiana kelele hivyo mpaka majirani wakaja dirishani, na Nyawira amesimama katikati ya nyumba na mkoba wake. Sikuona haya. Nikamgeukia yeye. Nikamwambia, "Sikiliza, binti yangu. Wakati ule huyu alikuwa mzima, karatasi yenu ikasema ni mgonjwa. Leo ni mgonjwa kweli. Nakuomba, usimpime. Msaidie. Nyinyi mliosoma huu ugonjwa mnampeleka mtu wapi?"

Macho ya Nyawira yakajaa maji, na sauti ilipotoka ilikuwa ya mtoto. "Ngai, Shangazi. Mimi nafundishwa kupima. Kutibu hatujafika. Hata profesa sijui kama anajua. Tunataka kwanza kuona kama karatasi inafanya kazi kila nchi."

"Inafanya?"

Akaweka karatasi mezani.

Zaid akasoma. Safari hii alisoma pole pole, midomo inatikisika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na Kiingereza changu ni cha soko, lakini niliona kila alipomaliza swali anafunga macho kidogo kabla ya kuandika. Sifuri. Sifuri. Babake yuko mbele yake, ananong'ona naye. Alipofika lile swali la kuiba, kalamu ikasimama. Akageuka akaniangalia. Nilimkubalia kwa kichwa, nikasema, "Zaid, sema. Sitakasirika." Idarous akagonga meza kwa kiganja. Na mtoto akaandika sifuri, na chozi likaanguka juu ya karatasi, akalipangusa kwa mkono wa shati.

Nyawira akajumlisha kitu ambacho hakikuhitaji kujumlishwa. Akaandika barua. Nilimuuliza, "Na wewe unaamini?" Akasema, "Nikiandika ninavyoamini, atakosa mtihani wake." Na kweli, angekosa. Idarous alimkumbatia Zaid, akamkumbatia na Nyawira, maskini, akasahau kwamba si maharimu wake, si mtu wa kumgusa.

Kisilu aliipokea barua, akaiweka kwenye faili, akampa Zaid mkono. Akarudi 4C. Alikuwa anatoka asubuhi na sare, anarudi jioni na sare, na Idarous alikuwa anaimba akioga. Mimi nilikuwa namchunguza vidole. Vilikuwa bado vinacheza.

Asubuhi ya karatasi ya kwanza nilimpigia shati pasi mpaka likasimama lenyewe. Idarous alimsomea dua kichwani, akampangusa uso, akamwambia, "Kalamu mbili. Usiogope. Ukishindwa moja rukia nyingine." Zaid akasema, "Sawa, buda." Akanishika mkono, akaushikilia kidogo, halafu akatoka. Alikuwa mzuri sana siku hiyo. Nilisema kimoyomoyo, labda mimi ndiye mwenye wasiwasi wa bure.

Mchana nikamfungia chapati na maharagwe, nikaenda Ruiru nimpelekee, ale kabla ya karatasi ya pili. Askari wa getini akaniambia ngojea hapo mama, akaenda kuita walimu. Akatoka Kisilu mwenyewe, miwani mkononi. Akaniuliza, "Mama, Zaid anaumwa? Tulimwita jina mpaka mlango ukafungwa."

Miguu ilinipeleka yenyewe nyuma ya stendi. Nikainua lile pazia. Humo ndani kuna joto na harufu ya jasho la wavulana, na mwanga wote ni wa televisheni. Zaid alikuwa amekaa mbele, shati nililolipiga pasi limetolewa nje ya suruali, na watoto wadogo wamemzunguka wanamshangilia. Kalamu mbili ziko mfukoni.

"Zaid."

"Shangazi, ngoja. Nimalize hii."

"Zaid, mtihani wako. Bado kuna karatasi ya pili. Inuka, twende, nitawapigia magoti."

"Nimesema nimalize hii."

Nikamshika bega. Alinisukuma bila kugeuka, kama mtu anayefukuza nzi, na mimi ni mzee, nikaanguka juu ya benchi na chapati zikamwagika chini. Farouk akaja mbio kuniinua, akisema pole mama, pole mama. Zaid aligeuza kichwa kidogo tu, akaniona niko chini. Nilimwona akitaka kuinuka. Mwili ulitaka. Halafu kitu kikatoa mlio kwenye televisheni na macho yakarudi huko, na machozi yanamtoka, na vidole havikusimama.

Sikumtukana. Mimi Kulthum, ambaye namtukana hata mwenye nyumba, nilikosa tusi. Nilitoka nikaenda mpaka Thika, mpaka Industrial Area, nikasimama nje ya geti la kiwanda na vumbi langu kwenye nguo, nikangojea zamu itoke.

Walitoka kwa kundi, nywele zao nyeupe kwa pamba. Idarous alikuwa katikati, na nilijua amewaeleza wote, kwa sababu waliponiona wakaanza kumpiga mgongo. Akapaaza sauti kutoka mbali, vile wanavyoongea watu wa mashine, "Dada! Vipi? Ilikuwa ngumu?"

Nikamshika mkono, nikamvuta kando karibu na ukuta, nikamwambia polepole kwenye sikio lile linalosikia. Hakuingia. Wamemwita jina hakuitika. Yuko kwa Farouk, na hatoki, Idarous, si kwamba hataki kutoka, amejaribu ameshindwa.

Aliniangalia. Wenzake walikuwa wanatungoja tuwaambie. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kama nimemtania mzaha mbaya.

"Haiwezekani, dada," akasema. "Si alipata sifuri?"